Re: Nina diploma ya Malya, digrii ya michezo ya jamii naipata wapi?

Habari mkuu. Kumbe una diploma ya chuo cha michezo Malya na digrii ya maendeleo ya michezo ya jamii kwa jina hilo huioni. Achana na jina, kwanza fungua mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) upande wa wenye diploma, angalia elimu ya viungo na sayansi ya michezo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) wapo, na usome GPA wanayotaka kabla hujalipia fomu. Hayo ya jamii utayapata kwenye fildi, mimi nilienda akademi ya mtaani maana timu kubwa utabeba koni tu 😂, mtaani unaomba uwanja kwa mtendaji, unabembeleza wazazi wa mabinti waruhusu mazoezi. Ukifika projekti wasome MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, Nairobi, walianza 1987, timu ikifanya usafi inaongezewa pointi za ligi.