Maswali na Majibu: Mbona Shadow Imekaa Juu ya PES 6?

Wiki iliyopita nilipanga gemu kumi bora za PlayStation 2 (PS2), mashine ya gemu ya Sony, kuanzia juu: Shadow of the Colossus, PES 6 (ya mpira), GTA San Andreas, Resident Evil 4, Tekken 5, God of War II, Metal Gear Solid 3, Gran Turismo 4, Burnout 3 na Def Jam: Fight for NY. Tangu siku hiyo, hapa Lamu nimesimamishwa gatini, nimeulizwa Mkunguni, na barua zimekuja nyingi. Nazijibu nilizoweza.

Sabalkheri ami. Hapa barazani Langoni tuko saba, wote tumekulia kwenye PS2, na hakuna hata mmoja aliyeigusa hiyo Shadow. Vipi inaipita PES 6?

Sabalkheri mwanangu. Kwamba wote saba hamjaigusa ndilo jibu lenyewe. Wengi wetu hatukuijua PS2 nyumbani, tuliijua kibandani. Kile nilichokuwa nikienda mimi, nyuma ya Ngome, kilikuwa na televisheni mbili na benchi, na bei ni shilingi 10 kwa mechi. Mwenye kibanda ana haja gani na gemu ya mtu mmoja inayotaka usiku mzima? Aliweka zinazochezwa na wawili na kwisha upesi: mpira, ngumi, magari. Memori kadi, ile ya kuhifadhi ulipofikia, hakuna. Ukiinuka kwenye benchi, kila ulichofanya kimefutika. Basi orodha iliyo vichwani mwetu mpaka leo ilipangwa na saa ya kibanda, na gemu zilizohitaji subira zikapotea bila kupewa nafasi.

Shadow of the Colossus ilitoka 2005, kazi ya Fumito Ueda na wenzake waliokwisha kutengeneza Ico mwaka 2001. Kijana anaitwa Wander. Anamchukua msichana aliyekufa mpaka nchi iliyokatazwa, na huko anaambiwa atafufuliwa akiwaua majitu 16. Kisa ni hicho tu. Njiani hakuna askari wa kupigana nao, hakuna mji, hakuna duka la silaha. Una upinde, upanga, na farasi wako Agro. Ukiuinua upanga juani, mwangaza unajikusanya ukawa mstari mmoja unaoelekea alipo jitu.

Mimi nimeicheza ukubwani, usiku, watoto wamelala. Jitu la kwanza ni refu kama nyumba ya ghorofa na limeshika rungu. Nikalirukia mguu, nikakamata manyoya. Kukamata ni kubana kitufe cha R1, na ukiachia unaanguka. Pembeni kuna duara la nguvu za mkono, linapungua kila unavyoning'inia. Jitu likajitikisa, nami nabana tu, mpaka kidole cha shahada kikafa ganzi, nikajikuta nimesimama wima mbele ya televisheni bila kujua nimeinuka saa ngapi. Nikafika kichwani, nikachoma. Lilipoanguka ikapigwa muziki wa huzuni, na furaha yote ikanitoka. Lile jitu lilikuwa likitembea kwao. Mimi ndiye niliyelifuata.

La tano ni ndege. Limetua juu ya nguzo katikati ya ziwa, halina habari nawe. Unalipiga mshale, linakuja chini kwa hasira, na hapo ndipo unapolirukia bawa. Aliyewahi kukaa kwenye mtengo, ule ubao unaotokeza ubavuni mwa mashua, wakati wa mashindano, maji chini yake na upepo wa kusi usoni, ataijua dakika hiyo. Sijaona gemu nyingine ya mashine ile iliyonipa hali hiyo.

Kasoro zake zipo. Picha inakwama jitu likiwa kubwa, maana mashine yenye MB 32 za kumbukumbu ilikuwa inabebeshwa mzigo usio wake. Wengine wanalalamika kuwa Agro hatii mara moja. Hilo silihesabu kasoro. Sisi ni watu wa punda, tunajua mnyama ana rai yake.

Kaka, PES 6 nakubali, lakini mdogo wangu ananiuliza "Merseyside Red" ni timu gani na kwa nini majina yako hivyo. Na kwa nini si FIFA, ile gemu nyingine ya mpira? (Shela)

Merseyside Red ni Liverpool, na London FC ni Chelsea. Konami, waliotengeneza PES, hawakuwa na leseni ya timu zote, kwa hivyo walizificha nyuma ya majina ya miji na rangi. Arsenal na Manchester United zilikuwamo kwa majina yao. Sisi hatukusumbuka, kila mtu alijua nani ni nani.

FIFA ya miaka ile ilikuwa na majina, jezi na makelele ya uwanjani. PES 6, ya mwaka 2006, ilikuwa na mpira wenyewe. Mpira una uzito wake, haujashikamana na mguu wa mchezaji. Ukimpa pasi aliyegeuza mgongo, itamgonga na kumtoka. Ukipiga shuti mwili haujakaa sawa, linapaa. Bao likiingia unajua kosa lilianzia wapi, na mara nyingi ni lako. Ndiyo maana watu walifungwa kibandani wakatoa shilingi 10 nyingine hapo hapo. Palikuwa na Adriano wa Inter na shuti lake lenye nguvu ya 99, kipimo cha juu kabisa, na vibanda vingine vilipiga marufuku kumchukua. Mimi niliona haki kabisa.

Lakini nayo PES hatukuijua nusu yake, kwa sababu ile ile ya memori kadi. Kwenye Master League, sehemu ya kuendesha timu yako, unaanza na kina Castolo, Minanda na Ivarov, wachezaji wa kubuni wasio na mbio wala nguvu, na unajenga timu msimu baada ya msimu. Anayeijua PES kwa mechi za dakika 10 peke yake, na aijaribu. Castolo akikufungia bao la kupanda daraja utamkumbuka kuliko Adriano.

Asalaam alaykum. Mwanangu ana miaka 11, ameletewa PS2 na mjomba wake kutoka Mombasa, na sasa anataka San Andreas kwa kuwa umeisifu. Nimnunulie? (Mama, Mkomani)

Waalaykum salaam mama. Usimnunulie. Nimeisifu kwa watu wazima. Ulaya imewekewa alama ya miaka 18, na alama hiyo ni ya haki: mauaji, matusi, mambo ya wanawake. Ni gemu iliyouzwa kuliko zote kwenye PS2, na ukubwa wa nchi ile, miji mitatu na mashamba na jangwa ndani ya diski moja, ulikuwa wa ajabu mwaka 2004. Itamngoja akue. Mtafutie Ratchet & Clank ya 2002 au Jak and Daxter ya 2001. Kuna kuruka, kuna kutafuta, kuna vichekesho, na wewe mwenyewe unaweza kukaa naye ukatazama. Na hakikisha mjomba ameleta memori kadi. Ile ya MB 8 inamtosha.

PS2 yangu haisomi diski. Inazunguka, inalia, kisha kimya. Fundi anasema nitupe. (Matondoni)

Usitupe bado. Kwanza geuza diski uitazame chini. Gemu za PS2 zilizo kwenye CD zina rangi ya buluu, za DVD ni za fedha. Kama inasoma aina moja na kuikataa nyingine, mashine ni nzima na ugonjwa uko kwenye jicho la kusomea diski, kwa sababu CD na DVD zinasomwa kwa miale (leza) tofauti.

Mara nyingi huku kwetu ni uchafu: vumbi na unyevu wa chumvi vinajenga utando juu ya jicho. Kama yako ni ile nyembamba ya kuanzia 2004, kazi ni nyepesi. Chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko, jicho lile pale, tone dogo la kioo. Chukua kijiti cha pamba, kitie spiriti safi kidogo sana, pangusa kwa kuzungusha bila kukandamiza, acha ikauke dakika chache. Ile nene ya droo lazima ifunguliwe kwa bisibisi, mpe anayejua.

Jambo moja nakuomba. Usikubali fundi azungushe kiskurubu cha kuongeza nguvu ya mwale kabla jicho halijasafishwa. Yangu ilifanywa hivyo na fundi mmoja. Ilisoma kila kitu kwa wiki tatu, kisha jicho likafa moja kwa moja. Na ukimaliza kucheza ifunike kitambaa, uiweke mbali na dirisha la upande wa bahari.

Kwenye ngumi, Tekken 5 badala ya Tekken Tag? Ami umetukosea.

Tag naipenda. Lakini diski ya Tekken 5 ina Tekken ya kwanza, ya pili na ya tatu ndani yake, kama zilivyokuwa kwenye mashine za kutia sarafu. Gemu nne kwa bei ya moja.

Gemu ya mwisho ya PS2 ilikuwa ipi?

Sony waliacha kuitengeneza mashine Januari 2013, baada ya miaka karibu 13 na zaidi ya mashine milioni 150 kuuzwa. Gemu ziliendelea kuja hata hivyo: FIFA 14, kisha PES 2014 mwezi Novemba mwaka ule ule. Hiyo PES ninayo, na diski yake haina mkwaruzo. Kijana wa Langoni, njoo nayo memori kadi, lakini utaanza na Shadow.