Kilowati Sawa, Ampea Tofauti: Kwa Mafundi Wapya wa Umeme wa Meli

Vijana mnaoanza kazi ya umeme melini hapa Kisumu, usiku mmoja gatini nilipoteza saa tatu nikirekebisha kitu kisichokuwa na kosa. Sitaki mpotezee zenu hapohapo.

Tulikuwa na jenereta mbili za kilowati 200 kila moja, volti 415, hezi 50, zikilisha basibaa moja, yaani mhimili wa pamoja unaogawa umeme wa meli. Pampu zilikuwa zikizunguka na mzigo wote ulikuwa kilowati 160. Mita za kilowati zilikubaliana: 80 huku, 80 kule. Lakini jenereta namba moja ilisoma ampea 212, namba mbili 112, na kila tulipowasha pampu nyingine pengo lilizidi. Mimi nikakimbilia gavana, kile kidhibiti kasi cha injini. Nikiongeza kasi ya namba mbili, kilowati zinahamia kwake na ule ugawaji mzuri unaharibika. Nikirudisha, ampea zinarudi palepale.

Mzee wa zamu akaja na kikombe chake cha chai, akatazama ubao.

"Jumlisha hizo ampea."

"324, mzee."

"Na mzigo huo, kwa pawa fakta ya 0.8, unahitaji ngapi?"

Pawa fakta ni ile sehemu ya umeme inayofanya kazi halisi. Nikapiga hesabu: kama 278.

"Sasa hizo 46 zinampelekea nani umeme?"

Hazikuwa zikimpelekea mtu. Zilikuwa dalili ya mkondo uliokuwa ukizunguka kati ya mashine mbili, ukichemsha koili bila kusukuma hata tone la maji.

Kilowati hutoka kwenye dizeli, na anayezigawa ni gavana. kVAr, ule umeme wa kujenga sumaku ndani ya mota, hufuata eksaitesheni, yaani mkondo unaotia sumaku rota ya jenereta, na anayezigawa ni AVR, kidhibiti volteji cha jenereta. Kwa hiyo kilowati zikilingana na ampea zikakataa, toa mkono kwenye gavana, soma pawa fakta ya kila mashine. Namba moja ilikuwa 0.52, namba mbili ilikaribia 1, tena upande wa kutangulia, yaani mkondo ukitangulia volteji. Namba moja ilikuwa imejitwika kVAr zote za meli na kumsukumia mwenzake za ziada. Zinapoyumba kilowati zenyewe, hapo ndipo utafute filta ya dizeli iliyoziba au linki za gavana zilizokauka grisi. (Magugu maji yakiziba njia ya maji ya kupozea injini ni kisa kingine, ukifanya kazi Ghuba ya Winam utakijua bila mwalimu.)

Mafahali wawili hawakai zizi moja, na AVR mbili zinazong'ang'ania volteji ileile ni mafahali. Ndiyo maana kila moja huwekewa drupu: kVAr zikipanda, inalegeza volteji kidogo. Inajua mzigo wake kupitia CT, ile pete inayokumbatia waya wa fezi moja. Nyaya mbili za CT zikipishana, AVR inaelewa kinyume, na mzigo ukipanda nayo inapandisha volteji. AVR ya namba moja ilikuwa imebadilishwa wiki iliyopita. Aliyeibadilisha ni mimi.

Kuhakikisha ni rahisi. Endesha mashine peke yake na uipe mzigo wa mota. Hita hazifai, kwani hazina kVAr na volteji haitasogea. Ongeza drupu polepole. Volti lazima zishuke. Zetu zilipanda kutoka 415 hadi 421. Tukazima injini, tukabadilisha nafasi za nyaya za CT, tukarudia: zikashuka. Usithubutu kufungua nyaya hizo mashine ikiwa na mzigo, maana volteji inayojitokeza kwenye ncha za CT iliyoachwa wazi inaweza kukuua.

Kisha linganisha volti za mashine zote mbili zikiwa bila mzigo, kwa mita moja ya mkononi. Mita za ubao zimezeeka na kila moja ina uongo wake. Drupu nazo zilingane: kwa asilimia 3, volti 415 zishuke hadi kama 403 kwenye mzigo kamili wa pawa fakta 0.8.

Tulipoziunganisha tena, zilisoma 141 na 137. Mzee alikuwa ameshaenda kulala, na taa za wavuvi wa omena zilikuwa zikirudi ufukweni.

Siku hizi sifungui AVR kabla ya kupiga picha nyaya zake na kuzibandika namba. Simu mnazo mfukoni.