Kahawa haileti saratani, ila angalia joto lake

Umeuliza kama vikombe vitatu vya kahawa kwa siku vinaweza kukuletea saratani. Kwa ushahidi uliopo, hapana. Hofu hiyo ina chanzo chake: mwaka 1991 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliiweka kahawa kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani ya kibofu cha mkojo. Kasoro ya tafiti nyingi za zamani ni kwamba wanywaji wa kahawa walikuwa pia wavutaji sigara, na sigara huharibu kibofu. Mwaka 2016 wataalamu walipitia tafiti zaidi ya 1,000, wakaiondoa kahawa kwenye kundi hilo. Tena wanywaji wake huonekana kupata saratani ya ini kwa uchache kuliko wasiokunywa.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni joto. Mwaka huohuo, kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa kimezidi nyuzi joto 65 za Selisiasi, iwe chai au maji matupu, kilitajwa kuwa huenda kinasababisha saratani ya umio, yaani mrija wa kupitishia chakula. Moto huunguza utando laini wa umio, seli zinajijenga upya kila mara, na humo ndimo kasoro hupenya. Kahawa ikifuka mvuke, usiipige funda. Iache dakika tano au zaidi, kikombe wazi, au tia maziwa baridi. Ukilazimika kuivuta pamoja na hewa ili isikuunguze ulimi, bado ni moto mno.

Na kama unavuta sigara, anza na hiyo.