Antivairasi inasema mashine safi, mbona bando linaisha usiku?

Mkuu, umeuliza nani anakula bando lako ukiwa umelala wakati antivairasi haioni kitu. Yalinikuta hapa Tanga, kwenye steshenari yangu Ngamiani: ulikuwa mlango wa nyuma (backdoor), yaani programu ya siri inayompa mtu wa nje njia ya kuingia kwenye mashine yako.

Mashine haikuwa nzito wala haikuleta matangazo. Mlango wa nyuma si kama vile virusi vya flashi vinavyogeuza mafolda kuwa shotikati. Wenyewe kazi yake ni kukaa kimya. Kilichonishtua ni taa ya ruta: saa tano usiku, nimefunga kila kitu, inachezacheza tu. Usidharau vitu vidogo. Mwaka 2024 mtaalamu wa programu Andres Freund aliukuta mlango wa namna hiyo umefichwa ndani ya XZ Utils 5.6.0 na 5.6.1, programu ya kubana mafaili kwenye Linux, kwa sababu kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) kulichelewa kama nusu sekunde.

Nikafungua Command Prompt, nikaandika netstat -ano, amri inayoonyesha mashine imeunganishwa na wapi. Mstari mmoja ulikuwa umeunganishwa na anwani nisiyoijua. Namba iliyo mwisho wa mstari (PID, namba ya programu husika) nikaitafuta kwenye Task Manager: svchost.exe. Hapo ndipo watu wanapopigwa, maana jina hilo ni la Windows yenyewe. Angalia faili linakaa wapi. Halali yake ni C:\Windows\System32; langu lilikuwa kwenye folda la AppData. Nikalifuta, kesho yake lipo. Autoruns, programu ya bure ya Microsoft, ikanionyesha kazi iliyopangwa kwenye Task Scheduler ya kulirudisha kila nikiwasha.

Liliingiaje? Aibu yangu. Fundi alinipigia Windows kwa kraki (programu ya kukwepa leseni), kraki ikataka antivairasi izimwe, nikaizima kwa mkono wangu. Hiyo kraki ikaliandika lile faili kwenye orodha ya antivairasi ya vitu visivyokaguliwa, ndiyo maana kila skani ilitoka safi. Anza na orodha hiyo. Faiawali nayo haikunisaidia: ya Windows kwa kawaida huzuia wanaobisha kutoka nje, huyu alikuwa anatoka ndani.

Ukimkuta, chomoa intaneti kwanza. Mimi sikuhangaika kusafisha. Nilihamisha nyaraka tu, programu zote nikaziacha, nikapiga Windows upya kwa flashi niliyoiandaa kwenye mashine ya mtu mwingine. Nywila nilibadilisha kwa simu, nikianza na ya barua pepe, nikawasha uthibitisho wa hatua mbili.

Kazi ngumu ilikuwa wateja. Nilikuwa na skani za vitambulisho vyao vya NIDA kwenye ile mashine, za miezi na miezi, bila sababu yoyote. Niliwapigia mmoja mmoja. Siku hizi nikishaprinti, nafuta mteja akiwa amesimama hapo hapo anaona.