Kwa nini levodopa, si dopamini yenyewe
Ndugu yangu wa Kisumu, umeuliza kwa nini mzee wako mwenye ugonjwa wa Parkinson hupewa dawa ya levodopa ilhali kilichopungua ubongoni mwake ni dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva. Kuta za mishipa ya damu ya ubongo zimebanana mno, na dopamini haizipenyi. Levodopa, ambayo ni dopamini iliyoongezewa kundi la kaboksili (kijikundi cha atomi za kaboni, oksijeni na hidrojeni), hufanana na asidi za amino za chakula, yaani vijenzi vya protini, hivyo hupitia mlango uleule unaozivusha, kisha kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) kilichomo ndani ya ubongo hulibandua kundi hilo, ikabaki dopamini. Ni ubunifu ninaoustahi sana. Kwa sababu hiyohiyo, ngege mzima akiliwa pamoja na kidonge anaweza kuichelewesha dawa, kwani asidi za amino za samaki hugombania mlango huo. Tafadhali mwulizeni daktari saa zinazofaa za kumeza.