Dogo usianze kutafsiri hiyo romu (faili la gemu) ya Mario, soma hapa kwanza

Weka kalamu chini. Unasema umeipitisha romu ya Super Mario Bros kwenye disasembla (programu inayogeuza namba za romu kuwa amri za CPU zinazosomeka, yaani kodi), umetoka na mistari kama elfu 15, na kesho unaanza kuigeuza iwe lugha ya C mstari kwa mstari kuanzia juu, halafu unauliza disasembla ipi ni kali. Kesho usiguse kitu.

Mimi hiyo nimeifanya miezi 5. Nikaprinti stationery pale Sinza kurasa 280 na ushee kwa 100 kila moja, nasoma kwenye daladala abiria wanakaa mbali nami wakidhani natoka kwa mganga. Aliyeniingiza mkenge ni jamaa wa grupu la WhatsApp anayejiita mtaalamu, eti "disasembla inakupa kodi yote, wewe kazi yako kusoma tu". Kusoma nini sasa?? Disasembla inayosoma faili tu kutoka juu hadi chini haijui hii ni amri na hii ni data, inaanza baiti ya kwanza inatafsiri yote, hata namba za muziki inazipa jina la amri.

Kilichoniua ni hiki. Kwenye 6502, aina ya CPU ya hiyo mashine ya Nintendo, JSR ni amri ya kuita rutini (kipande cha programu), inaweka anwani ya kurudia kwenye staki (rundo la kumbukumbu), ukikutana na RTS, amri ya kurudi, unarudi pale. Sawa. Sasa humo ndani kuna JSR moja inaitwa sehemu kibao, na mbele yake hakuna amri, kuna orodha ya anwani! Ile rutini inachomoa anwani ya kurudia kwenye staki, inaitumia kuipata orodha, inachagua moja kufuatana na namba iliyopo kwenye A (kisanduku kidogo cha namba ndani ya CPU), inaruka huko na hairudi ng'o. Mimi hizo anwani nikazitafsiri kama amri, na orodha ikiisha vibaya inameza baiti za mwanzo za rutini ya kweli inayofuata. Nilipoona haieleweki nikaandika kurasa 4 kuthibitisha kwamba Wajapani wa 1985 walificha ulinzi wa siri humo. Cheka tu, nami nishacheka. Nilipowasha gemu niliyoitafsiri, skrini nyeusi tii, na mwezi huo kodi zote mbili zikanishinda, ya Mario na ya nyumba.

Sikia, USITAFSIRI BAITI AMBAYO HUJAIONA IKITEMBEA. Chukua FCEUX, programu ya kuchezea gemu za Nintendo kwenye kompyuta, washa ile loga yake ya kodi na data, cheza. Kila baiti CPU ikiitekeleza inawekwa alama, ikiisoma kama data inapata alama nyingine. Na ucheze kila kitu, usijifanye bingwa, tumbukia shimoni, gongwa na kobe, fika 2-2 kwenye maji, maana kufa nako kuna rutini yake na usipokufa haitaonekana. Zikibaki baiti hazina alama, rudi ucheze tena, ndio ufungue disasembla yoyote unayoitaka ukiwa na faili la loga pembeni.

Leo usiku kufa kwanza mara kumi halafu lete skrinishoti hapa tuone.