Daftari la fundi kwa mtandao, na deni la shangazi

Mimi ni fundi wa friji na AC hapa Majengo, Mombasa, na kila nnachojifunza nakiandika kwenye Obsidian, programu ya kuandikia daftari kwa kompyuta, yaani friji hii inatumia gesi gani, kompresa ikinguruma vile shida huwa wapi, AC za Nyali zilizoelekea bahari chumvi inavyokula kondensa mpaka mapezi yanamomonyoka ukiyagusa tu na kidole. Shida ni vijana wangu na simu. Niko juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, simu yalia, "bosi hii imeandikwa R600a, naeza kuchomelea hapa?" Usichomelee bwana, hiyo gesi yashika moto!

Ndo nkaamua daftari liende kwa tovuti. Obsidian wana huduma yao ya kulipia ila mi nkachukua Quartz, programu ya bure, inachukua mafaili ya Markdown, yale ya maandishi matupu ya Obsidian, inayageuza kurasa za tovuti na linki zangu za mabano mawili mawili zinabaki zinafanya kazi. Nkimaliza kuandika napushi GitHub, yaani natuma mafaili kwa ghala lao la mtandaoni, mtambo wao GitHub Actions unajenga tovuti wenyewe, dakika mbili tatu kijana yuko kwa feri ya Likoni anasoma. Raha tupu.

Wiki hiyo hiyo kijana mmoja akanitumia picha ya skrini. Ametafuta neno friza kwenye kile kisanduku cha kutafutia cha tovuti, kimemletea faili ya madeni, na jina la kwanza kabisa ni shangazi yake, elfu nne mia tano, pembeni nimeandika "anazungusha".

Sasa sikiza. Quartz ukiiacha ilivyo inachapisha kila kitu isipokua ulichokikataza, wewe igeuze, washa ExplicitPublish kwenye mipangilio ndo ukurasa usitoke mpaka uandike publish: true juu yake. Lakini hiyo haitoshi na hapa ndo wengi wanapigwa chenga, maana kama ripo yako, ile folda yako kule GitHub, iko wazi kwa watu basi yale mafaili yenyewe yanasomeka kule kule hata kama tovuti haiyaonyeshi, na ukifuta faili leo Git, programu inayotunza kila badiliko, ishaiweka kwenye historia, mtu akirudi nyuma anaikuta. Mi nlifuta ripo nzima nkaanza upya, madeni nkayatoa kabisa nkayaweka folda ingine isiyopushiwa popote. Ukitaka ripo iwe ya siri na bado usilipe, Cloudflare Pages, huduma ingine ya kuweka tovuti mtandaoni, wanakubali.

Halafu majina ya picha andika herufi ndogo zote, kwa laptopu yangu ya Windows Kondensa.JPG na kondensa.jpg ni kitu kimoja, kwa seva ni viwili na picha haitokei. Hilo lilinila usiku mzima.

Shangazi nlimwendea mwenyewe kumwomba radhi. Akanisikiza mpaka nkamaliza.

"Mwanangu, huko kwa mtandao umeshafuta?"

"Nimefuta shangazi."

"Basi na kwa daftari futa."